Utando wa Shavu Katika Mrija wa Mkojo

Barabara itokayo mjini Kigoma kwenda Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, hupanda vilima hadi kufika Kalinzi, nchi ya kahawa, migomba na maharage. Katika miteremko ya namna hiyo baiskeli na pikipiki hubeba watu na mizigo pamoja, na ajali ni jambo la kawaida. Iko ajali moja ambayo watu hawapendi kuizungumza. Gurudumu la baiskeli huingia shimoni, mwendeshaji huteleza kutoka kwenye kiti, naye huangukia chuma cha katikati huku miguu yake imetanuka pande mbili. Hupata maumivu makali, na pengine matone machache ya damu hutoka katika njia ya mkojo. Lakini hakuna mfupa uliovunjika wala jeraha linaloonekana. Baada ya siku chache hurudi shambani, na nyumbani wote husema amepona.

Miezi mingi hupita, wakati mwingine hata miaka. Ndipo mtu huyo huanza kuona kwamba mkojo wake umekuwa mwembamba, unatoka kwa kujikamua, unagawanyika njia mbili, na kwamba akimaliza bado anahisi kibofu hakijaisha. Huamka mara nne au tano kila usiku. Hamwambii mtu, kwa kuwa ni jambo la aibu. Hatimaye, usiku mmoja, mkojo hukataa kutoka kabisa.

Na achukuliwe mkulima wa mfano, mwenye umri wa miaka 40 hivi, aliyefikwa na mambo hayo. Akifikishwa hospitali, daktari humtoboa tundu dogo chini ya kitovu na kupitisha mpira wa mkojo moja kwa moja hadi kwenye kibofu. Mpira huo huokoa maisha yake, lakini si tiba. Mtu anayeupiga jembe mlimani hawezi kuishi miaka yote na mpira tumboni na mfuko kiunoni. Makala haya yanaeleza ugonjwa huo, yaani ufinyu wa mrija wa mkojo, na jinsi unavyotibiwa kwa kipande cha utando kinachotolewa ndani ya shavu la mgonjwa mwenyewe.

Mrija na ukuta wake

Mrija wa mkojo wa mwanamume una urefu wa sentimita 18 hadi 20. Huanzia kwenye shingo ya kibofu, hupita katikati ya tezi dume, hupenya msuli unaozuia mkojo, hujipinda chini ya mfupa wa kinena katika sehemu iitwayo msamba, kisha hupita ndani ya uume hadi nje. Mrija wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 tu na haujipindi, na kwa sababu hiyo ugonjwa huu ni nadra kwa wanawake.

Ndani ya mrija mna utando laini wenye unyevu. Sehemu ya mbele ya mrija huzungukwa na nyama nyororo iliyojaa mishipa midogo ya damu, mfano wa sifongo. Mtu anapoangukia chuma, sehemu iliyojipinda msambani hubanwa baina ya chuma hicho na mfupa wa kinena. Utando huchanika, na sifongo huvuja damu. Mwili huziba jeraha hilo kama uzibavyo jeraha lolote, yaani kwa kovu. Kovu limeundwa kwa nyuzi ngumu, na tabia ya nyuzi hizo ni kujikunja na kukaza. Kovu la mkononi likijikaza huharibu sura ya ngozi tu. Kovu linaloizunguka njia nyembamba likijikaza huifunga njia hiyo.

Ajali si chanzo pekee. Kisonono kisichotibiwa mapema huleta uvimbe katika mrija na baadaye makovu marefu. Mpira wa mkojo ulioingizwa kwa nguvu, au uliokaa muda mrefu mno, huweza kuuchubua utando. Kuvunjika kwa mifupa ya nyonga katika ajali za barabarani hukata mrija sehemu ya nyuma, na hayo ni madhara ya aina nyingine yenye upasuaji wake.

Hesabu ya njia nyembamba

Katika karne ya 19, daktari wa Kifaransa aitwaye Poiseuille alipima jinsi vimiminika vinavyopita katika mirija myembamba. Aligundua kwamba, iwapo msukumo haubadiliki na kimiminika kinapita kwa utulivu, wingi wa kimiminika hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo. Maana yake ni kwamba kipenyo kikipungua kuwa nusu, kinachopita hakiwi nusu bali ni sehemu moja tu ya 16. Mrija wa mkojo si bomba la kioo, kwa kuwa hutanuka na kusinyaa, na ufinyu wake aghalabu ni wa sehemu fupi. Kwa hiyo kanuni hiyo haitoi jibu kamili. Hata hivyo yaonyesha kwa nini ufinyu unaozidi kidogo kidogo huweza kuleta mabadiliko makubwa kwa ghafla.

Mwanamume kijana mwenye afya hutoa mkojo kwa kasi inayozidi mililita 15 kwa sekunde pale mkondo unapokuwa na nguvu zaidi. Mwenye ufinyu mkubwa huenda asifikishe mililita 5. Akiwa na mililita 300 kibofuni, kwa mwendo wa mililita 4 kwa sekunde atasimama kwa sekunde 75, yaani zaidi ya dakika nzima.

Kwa nini basi wagonjwa wengi huchelewa kufika hospitali? Sababu moja ni aibu. Sababu ya pili imo katika mwili wenyewe. Ukuta wa kibofu ni msuli, nao msuli unaofanyishwa kazi nzito huongezeka unene na nguvu. Kwa muda fulani kibofu husukuma kwa nguvu zaidi na kuuficha ufinyu. Kisha huchoka. Mkojo hubaki ndani, vijidudu huota, mawe hujengeka, na msukumo hurudi nyuma hadi kwenye mafigo. Mgonjwa ambaye angeweza kutibiwa mrija peke yake huishia kupoteza mafigo.

Kupanua si kuponya

Njia ya kale kabisa ya kutibu ufinyu ni kuupanua kwa vijiti laini au vya chuma, kuanzia chembamba hadi kinene. Kazi hii imefanywa tangu zama za kale, na hata leo hufanywa katika hospitali nyingi. Katika miaka ya 1970 daktari wa Kijerumani aitwaye Sachse alieneza njia nyingine: kupitisha darubini nyembamba ndani ya mrija na kulichanja kovu kwa kisu kidogo huku mpasuaji akiliona kwa macho yake.

Njia zote mbili hutoa nafuu siku ile ile. Lakini kovu lililochanika hupona kwa kovu. Madaktari wa Afrika Kusini, Steenkamp, Heyns na De Kock, walizilinganisha njia hizo kwa wagonjwa 210 na kutoa taarifa yao mwaka 1997. Hawakuona tofauti ya maana baina ya kupanua na kuchanja. Jambo lililoleta tofauti lilikuwa urefu wa ufinyu. Baada ya miezi 12, ufinyu wenye urefu usiofika sentimita 2 ulikuwa umerudi kwa wagonjwa 40 hivi katika kila 100, na ule uliozidi sentimita 4 ulirudi kwa 80 katika kila 100. Taarifa ya mwaka uliofuata ilionyesha kwamba mgonjwa aliyekwisha kurudiwa na ufinyu mara mbili hafaidiki kwa kuchanjwa mara ya tatu.

Matokeo hayo yana uzito kwa yule mkulima wa Kalinzi. Kila safari ya kwenda kupanuliwa humgharimu nauli, siku za kazi na maumivu, na kila mpanuko huweza kuongeza urefu wa kovu. Mtu anayeambiwa arudi kila baada ya miezi mitatu maisha yake yote hajatibiwa, ameahirishiwa tu.

Kukata, kuunga, na kupandikiza

Kabla ya upasuaji ni lazima urefu wa kovu ujulikane. Dawa inayoonekana katika picha ya eksirei huingizwa ndani ya mrija kutoka nje, na kwa mgonjwa mwenye mpira tumboni huweza kuingizwa pia kutoka kibofuni. Picha huonyesha ufinyu unaanzia wapi na unaishia wapi.

Ufinyu wa msambani ukiwa mfupi, kwa kawaida usiozidi sentimita 2, mpasuaji hulikata kovu lote na kuziunganisha ncha mbili zenye afya. Matokeo yake ni mazuri sana: zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 hupona. Lakini kovu likiwa na urefu wa sentimita 4 au 6, ncha hizo haziwezi kukutanishwa bila kuuvuta mrija na kuupinda uume. Hapo hapana budi kuongeza kitu. Swali ni: kitu gani?

Kwa muda mrefu wapasuaji walitumia ngozi ya nje. Ngozi hupatikana kwa wingi, lakini haikuumbwa kukaa ndani ya maji. Ikilowa mkojo daima huchubuka na kuvimba, na ikiwa ina vinyweleo, nywele huota ndani ya mrija, nazo huvutia mawe. Upungufu huo ndio uliowafanya wapasuaji waangalie ndani ya kinywa.

Utando wa ndani ya shavu hukaa katika unyevu usiku na mchana. Hauna nywele. Tabaka lake la juu ni nene na imara, kwani kila siku huguswa na chakula cha moto, chakula kigumu na meno. Umezoea kuishi pamoja na bakteria wengi bila kuoza. Tabaka lake la chini ni jembamba na limejaa mishipa midogo ya damu. Tena ukitolewa hapo, kidonda hufichika kinywani, nacho hupona upesi.

Wazo hilo si jipya. Mpasuaji Sapezhko, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ukraine, aliutumia utando wa kinywa kutengeneza mrija wa mkojo mwaka 1894. Mwingereza Humby aliutumia kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro ya mrija na kueleza jambo hilo mwaka 1941. Kisha njia hiyo ilisahauliwa karibu kabisa kwa nusu karne, hadi ilipofufuliwa huko Ulaya mwaka 1992. Mwaka 1993 El-Kasaby na wenzake wa Misri walitoa taarifa ya kuutumia utando wa shavu kwa watu wazima wenye ufinyu wa sehemu ya mbele ya mrija. Mwitalia Barbagli mwaka 1996, na Mhindi Asopa mwaka 2001, walionyesha namna bora za kuuweka mahali pake. Afrika na Asia, basi, zimo katika orodha ya walioijenga elimu hii.

Siku nne za kwanza

Mkulima anayebebesha miche ana elimu itakayomsaidia kuuelewa upasuaji huu. Anapochukua kikonyo cha mti mzuri na kukiunganisha na shina la mti mwingine, anajua kwamba kikonyo hicho kimekatwa kutoka kwenye mizizi yake na kwamba kitakufa kisipopata maji upesi. Kwa hiyo hukata kwa kisu kikali, huhakikisha sehemu za kijani zilizo chini ya gome zinagusana, hufunga kwa nguvu ili kisichezecheze, na hukinga jua.

Kipande cha utando kilichotolewa shavuni kimo katika hatari hiyo hiyo. Hakina mshipa wa damu unaokilisha. Katika saa 48 za kwanza huishi kwa kunywa majimaji yanayotoka katika kitanda kilicholazwa juu yake, mfano wa kitambaa kinachofyonza maji. Katika siku ya tatu na ya nne mishipa midogo ya kitanda hukutana na mishipa midogo ya kipande, nayo damu huanza kupita. Kama katika muda huo damu imejikusanya chini ya kipande na kukiinua, au usaha umeingia, au kipande kimecheza, mishipa haitakutana, na kipande kitakufa.

Kazi yote ya mpasuaji hufuata kanuni hiyo. Mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, iitwayo na wengi nusu kaputi, msamba hupasuliwa na mrija huchanwa kwa urefu, kulipita kovu lote hadi kufikia utando wenye afya pande zote mbili. Kisha hupimwa urefu unaohitajika. Ndani ya shavu, mpasuaji kwanza hutafuta tundu la mfereji wa mate, ambalo lipo mkabala wa gego la pili la juu, ili asilikate. Hapo hutoa kipande, kwa mfano cha sentimita 5 kwa 2. Mafuta na nyama zote zilizo nyuma yake hukwanguliwa kwa mkasi, kwa sababu mafuta huzuia majimaji kufyonzwa. Kipande hulazwa juu ya ukuta wa uume ulio mgongoni mwa mrija, mahali penye kitanda imara, na kushonwa kwa nyuzi nyembamba, kandokando na katikati pia, kisipate kuinuka. Kingo za mrija huunganishwa nacho. Mpira wa mkojo huachwa ndani kwa wiki mbili hadi tatu.

Lakini mfano wa mche una mpaka wake, na mpaka huo una somo. Mkulima huweza kuunganisha mti mmoja na mti mwingine. Mwanadamu hawezi kupokea hivi hivi utando wa ndugu yake, wala wa jirani. Katika miaka ya 1940, Mwingereza Peter Medawar alionyesha kwamba ngozi ya mtu mwingine hukataliwa na mfumo wa kinga ya mwili, na kwamba ikiletwa mara ya pili hukataliwa kwa haraka zaidi. Kwa kazi yake juu ya kinga alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Kipande cha shavu hakikataliwi kwa kuwa ni cha mgonjwa mwenyewe. Hahitaji mtu wa kumtolea, wala dawa za kutuliza kinga maisha yake yote.

Wapo watafiti wanaotaka kwenda mbele zaidi. Mwaka 2011 Anthony Atala na wenzake walitoa taarifa ya wavulana 5 wa Mexico waliowekewa mirija iliyooteshwa maabara kutokana na seli zao wenyewe. Ni kazi ya kuvutia, lakini yahitaji maabara ya gharama kubwa. Shavu halihitaji maabara.

Mikono, na umbali

Katika vituo vyenye uzoefu, upandikizaji wa utando wa shavu kwa ufinyu wa msambani huwafanikisha wagonjwa 8 hadi 9 katika kila 10. Ufinyu wa ndani ya uume ni mgumu zaidi, na mara nyingine hurekebishwa kwa hatua mbili zilizopishana miezi kadhaa. Wengine hurudiwa na ugonjwa. Shavu huuma, na kwa wiki chache mgonjwa hula vyakula laini na kusukutua kinywa. Wachache hubaki na ganzi ndogo au ugumu wa kufungua mdomo. Mtumiaji wa tumbaku, hasa ya kutafuna, huweza kukutwa na utando ulioharibika usiofaa kupandikizwa.

Upasuaji huu hauhitaji mashine kubwa. Mahitaji yake ni eksirei, chumba safi, dawa ya usingizi, nyuzi nyembamba, na juu ya yote mikono iliyofundishwa. Nchini Tanzania mafunzo hayo yana historia. Katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, huduma ya magonjwa ya mfumo wa mkojo ilijengwa na Daktari Lester Eshleman, Mmarekani aliyetangulia kufanya kazi Shirati, katika mwambao wa Ziwa Victoria. Wapasuaji wa Uingereza, kwa njia ya chama chao cha Urolink, wamefika Moshi kufanya upasuaji wa mrija pamoja na wenyeji na kufundishana. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, kina mafunzo ya ubingwa katika fani hiyo.

Lakini kutoka Kigoma hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa mkulima wetu wa mfano, safari hiyo ni sawa na mavuno ya msimu mzima. Hawezi kuifunga mara kumi. Anaweza kuifunga mara moja, iwapo ataambiwa mapema, na kwa ukweli, kwamba kupanuliwa tena na tena hakutamponya, na kwamba iko tiba ya kudumu. Anayeweza kumwambia ni mganga wa zahanati aliyemwona kwanza, na mwalimu, na mwanafunzi aliyesoma biolojia akarudi nyumbani wakati wa likizo.

Wana jambo jingine la kumwambia yeyote aliyeanguka na kuona damu ikitoka katika njia ya mkojo: aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua, wala asikubali mpira kusukumwa kwa nguvu kabla mrija haujachunguzwa. Na mwenye kisonono atibiwe mapema hadi apone, kwani kovu lisilojengeka halihitaji mpasuaji.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi hesabu ya Poiseuille kwa vifaa vya kawaida. Chupa mbili zinazolingana zijazwe maji hadi alama moja. Karibu na kitako cha kila chupa lipachikwe bomba, mabomba yawe na urefu sawa lakini moja liwe na kipenyo nusu ya jingine. Wanafunzi wapime sekunde zinazohitajika kutoa mililita 100 katika kila chupa, wagawanye, na waone kama jibu lao linakaribia 16. Likipungua, wajadili ni kwa nini. Kisha wajiulize: kama chupa ingekuwa na msuli, ingefanya nini ili maji yatoke kwa kasi ile ile, na ingeweza kufanya hivyo kwa muda gani?